Mashahidi wa Ujana Wangu

Mtu aliyeishi na mkewe miaka mingi, akawa amemsimulia tarehe ya ujana wake kwa utaratibu anaoupenda mwenyewe, ya fahari yakitangulia na ya fedheha yakistirika, huwa salama maadamu wale waliomwona akikua wako mbali naye. Lakini siku atakapofunga safari na mke huyo kwenda kuwazuru, basi na ajue kuwa anapanda kizimbani, na tiketi ya kupandia ameinunua mwenyewe.

Kwa sisi watu wa Unguja wa rika langu, mahakama hiyo iko Maskati. Baada ya mwaka 1964 wengi katika wenzetu walitawanyika, huyu Cairo, huyu Dubai, huyu London. Na Sultan Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970, akawaita Waomani waliokuwa ughaibuni warudi kuijenga nchi, jamaa wakakusanyika huko, wakawa walimu na matabibu na makarani, wakazaa, wakazeeka, na hadi leo ukipita Ruwi baada ya sala ya isha waweza kudhani uko Darajani, ila matope tu ndiyo yaliyokosekana. Safari ambayo mabaharia wa zamani walikuwa wakiingojea kusi ndipo watweke, sisi tuliimaliza kwa ndege kwa muda wa saa tano hivi, nao ni muda usiotosha hata kugombana kwa utulivu juu ya mizigo.

Na mizigo ilistahiki kugombewa. Mke wangu, ambaye hajapata kuingia nyumba ya mtu mikono mitupu, alishikilia kuwa masahibu zangu wamekosa harufu ya kwao, na kwa hoja hiyo akatia sandukuni karafuu, mchaichai na pilipili manga, na chini ya vyote hivyo papa mkavu wa kadiri ya kulisha walima, amezongwa khanga mbili kuukuu na magazeti ya juma zima. Karafuu zilijitahidi, lakini papa alizishinda. Tulipokuwa tukingojea mizigo uwanjani, sanduku letu lilipotokea watu walirudi nyuma kwa taadhima, likapata nafasi ambayo hata mabalozi hawapewi. Mwenyeji wetu, mtu niliyekaa naye dawati moja skuli, alilipokea, akavuta pumzi, akacheka hadi kofia ikamtoka. Na asubuhi ya pili, kabla jua halijakasirika, akatupeleka sokoni akatuonyesha papa mkavu amepangwa kama mbao, wa bahari yao wenyewe.

Ndipo tukakumbushwa jambo ambalo kila mtoto wa Malindi, ile ya Unguja, alikuwa akilijua bila kufundishwa: kuwa karne kwa karne majahazi ya Sur na ya pwani ya Batinah yalikuwa yakiteremka na kaskazi kuja kwetu yamesheheni tende na chumvi na papa mkavu, yakangoja kusi, yakarudi na boriti za mikoko na karafuu. Papa wetu basi, kwa nasaba kama si kwa mwili, alikuwa mtu wa Sur anayerejea kwao. Mke wangu alisema kuwa ikiwa ni hivyo na apewe paspoti.

Usiku ule wa kwanza ndipo kesi ilipofunguliwa. Naam, zama za uchumba nilipata kumsimulia mke wangu kuwa siku moja, maji yakiwa yamejaa, nilijitosa baharini pale Forodhani na nguo zangu zote nikamwokoa mtoto aliyekuwa akizama. Na kisa hicho, ambacho nadhani kilikuwa na sehemu yake katika kukubaliwa posa yangu, kilikuwa kimekaa nyumbani mwetu kwa amani, hakisumbui mtu. Mwenyeji wetu, kwa mapenzi na kwa nia njema, aliona amtukuze rafiki yake mbele ya shemeji. “Shemeji,” akasema, “mumeo huyu alikuwa shujaa. Siku ile mbuzi alipoanguka kutoka mashuani, nani mwingine aliyethubutu?”

Mke wangu hakusema neno. Alitua kijiko.

Hapana budi nieleze habari ya kahawa, kwa sababu bila kahawa huenda kesi ingalilala. Kahawa ya Omani ni nyepesi, ina hiliki, na humiminwa kidogo tu katika kikombe kisicho na mkono. Na anayeimimina, aghalabu kijana wa nyumba, husimama mbele yako na dele katika mkono wa kushoto, wala haachi kukuongezea mpaka ukitikise kikombe, hiyo ndiyo alama ya kuwa umetosheka. Mke wangu alipewa maelezo hayo kwa tafsili. Akayakataa. Alisema kuwa kwao hakulelewa kumtikisia mtu chombo usoni, na kwamba kinachomiminwa kwa hisani hunywewa kwa hisani. Akanywa, akaongezewa, akanywa, na yule kijana naye, kwa adabu zake, hakuketi. Matokeo yake ni kuwa hakupata lepe la usingizi, na asiyepata usingizi hutafuta mtu wa kuzungumza naye. Hata muadhini alipoadhini alfajiri, mimi nilikuwa bado naulizwa mbuzi yule alikuwa wa rangi gani.

Siku ya pili tulialikwa kwa sahibu mwingine, naye alituelekeza kwa simu kwa namna ambayo yeye mwenyewe aliiona kuwa ni dhahiri shahiri: mkiisha kupita mzunguko, msikiti uwe kushoto, mtaiona nyumba nyeupe yenye geti kubwa. Sasa manispaa ya Maskati imewataka watu wapake nyumba zao rangi nyeupe au iliyo karibu na nyeupe, na njia za mitaani zimepewa namba badala ya majina, hivyo kumwambia mtu huko atafute nyumba nyeupe ni sawa na kumwambia Jang'ombe atafute mwembe. Tulibisha geti kubwa la nyumba nyeupe. Akatoka bwana mmoja wa makamo, akatukaribisha kwa bashasha kubwa, mke wangu akachukuliwa ndani kwa wanawake, mimi nikaketishwa majlisi juu ya mto. Zikaja tende, zikaja tikiti na machungwa, ikaja kahawa.

Nilimdhania bwana yule kuwa ni mkwe wa rafiki yangu. Yeye alinidhania nani sijui, kwani adabu yao ni kuwa mgeni haulizwi haja yake kabla hajakirimiwa, naye alikuwa mtu mwenye adabu nyingi. Mazungumzo yalikuwa taabu kidogo. Kiarabu changu ni cha chuoni, cha vitabu vya nahau. Naweza kumweleza mtu kwa irabu zote zilizotimia kuwa Zaidi amempiga Amri, lakini kupigana kwao hakukuwa na manufaa pale. Tukatabasamiana. Tukamshukuru Mungu kwa hali ya hewa, ambayo ilikuwa mbaya sana. Nusu saa ilikwisha kupita simu yangu ilipolia.

“Mko wapi, bwana? Chakula kinapoa.”

“Tumo nyumbani kwako,” nikamjibu, “twanywa kahawa yako.”

“Kahawa yangu bado iko jikoni.”

Yule bwana alipofahamishwa hakucheka wala hakuona ajabu. Alivaa makubadhi yake, akatoa gari, akatupeleka mwenyewe hadi mlangoni kwa rafiki yangu, nyumba ya nne kutoka pale. Mke wangu alitoka ndani amefukizwa udi, amebeba bakuli la halua, na amealikwa harusi.

Kwa shahidi wa pili mbuzi alikuwa kofia. Ilipeperushwa na upepo, akasema, nami niliingia majini kuifuata, na alikumbuka vyema kuwa haikuwa kofia ya vito wala ya thamani yoyote. Tuliporudi, katika teksi ile nyeupe yenye mbavu za rangi ya chungwa, mke wangu akaona mahali ni faragha, akanisomea mashtaka kwa Kiswahili, nami nikajitetea kwa kina cha maji: hata ikiwa ni kofia, maji yalikuwa marefu. Dereva, ambaye tangu tupande alikuwa hajakohoa, akapunguza mwendo.

“Uniwie radhi, mama,” akasema kwa Kiswahili cha Pemba kilichonyooka. “Mie mtu wa Wete, ila marehemu baba alikuwa Shangani. Akisema pale maji yakipwa hayapiti magoti.”

“Na yakijaa, mwanangu?”

“Yakijaa, mama, hapana ajitosaye na nguo.”

Siku zilizofuata tulitembezwa, maana kila mwenyeji aliona ni haki yake kutuonyesha Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, na kwa hivyo zulia lake la tani 21 tulilistaajabia mara nyingi, kila mara kwa mshangao mpya ili tusimvunje mtu moyo. Ngome za Mirani na Jalali, za Wareno, tuliziona kwa mbali, na huko Matrah, katika ujia wa soko ambao wenyewe huuita soko la giza, mke wangu alinunua ubani wa Dhofar kwa bei aliyoiteremsha kwa Kiswahili kitupu. Lakini moyo wake haukuwa huko. Alikuwa akisubiri mlo wa usiku na shahidi wa usiku, na shahidi wa mwisho upande wangu, mzee mpole aliyekwisha kupoteza uwezo wa kuona lakini kumbukumbu zikambakia, alitoa ushahidi ambao sina la kuusemea isipokuwa kuwa ni wa mtu mmoja: aliyejitosa alikuwa yeye. Mimi nilibaki ukutani nimemshikia viatu.

“Vyote viwili?” mke wangu akauliza.

“Kimoja,” mzee akasema. “Cha pili alikitumbukiza.”

Ilibaki nyumba moja tu, Al Hail, ya bibi aliyesoma skuli pamoja na mke wangu na ambaye hawajaonana tangu usichana. Walikumbatiana, wakalia, wakafutana machozi. Tende zikawekwa, kijana akaja na dele. Yule bibi akanigeukia kwa furaha, akanikalia mkao wa mtu mwenye hadithi ndefu. “Shemeji,” akaanza, “huyu mkeo alipata kukuhadithia mambo ya mwalimu wa jografia na ile baiskeli?”

Mke wangu alikitwaa kikombe chake, ambacho kilikuwa hakijatiwa kahawa hata tone, akakitikisa kwa nguvu, akasema kuwa usiku umekwenda na watu wana kazi kesho.

Mimi nikakinga changu.