Kabla ya Ada, Tafuta Jagi

Jina la Montessori halina mwenyewe. Huko Marekani lilishaamuliwa mwaka 1967 kuwa ni jina la jumla ambalo hakuna mtu mmoja anayeweza kulihodhi, na huku kwetu sijasikia aliyelipigania. Kituo cha kulelea watoto mchana kinadaiwa usajili wa ustawi wa jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na shule inadaiwa usajili wa wizara, lakini jina la ukutani linadai kopo la rangi tu. Anayetaka kuliandika kando ya barabara ya Nachingwea kwenda Ruangwa, kati ya picha ya Mickey Mouse na ya sungura aliyevaa miwani, haombi ruhusa Roma. Kwa hiyo mzazi anayechagua chekechea kwa kusoma kibao anachagua fundi rangi. Ushauri wangu ni kwamba kibao akipite, aingie ndani, atafute jagi la maji: jagi dogo linaloshikika na mtoto wa miaka 3, vikombe viwili pembeni, na kitambaa cha kufutia mahali anapopafikia mtoto mwenyewe. Likiwepo na likiwa linatumika, mengine yanazungumzika. Likiwa limepangwa kabatini kwa ajili ya wageni, ada hiyo bora inunue mbegu za ufuta.

Najua ni kipimo cha ajabu, basi nieleze. Maria Montessori alikuwa daktari, na nyumba yake ya kwanza ya watoto ilifunguliwa tarehe 6 Januari 1907 San Lorenzo, mtaa wa makabwela wa Roma. Wenye majengo walikuwa na shida isiyo ya kitaalamu hata kidogo: wazazi wanashinda vibaruani, na watoto wanabaki nyumbani kuharibu kuta zilizotoka kukarabatiwa. Mfumo unaouzwa leo kama wa watoto wa wenye nazo ulianza kama mbinu ya kuokoa chokaa. Daktari akakaa, akatazama, akaona kwamba mtoto mdogo akipewa kazi halisi yenye kipimo cha mkono wake anatulia na kuirudia kazi hiyo mpaka atosheke. Jagi ni mojawapo. Mtoto analishika kwa mikono miwili, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, anamimina. Kikombe kinajaa, kinapitiliza, maji yanatambaa mezani hadi yanamdondokea kiatuni. Mwalimu aliyesomea kazi hii, pale Msimbazi au Lushoto ambako masista wanawafundisha walimu wa Montessori, wakati huo anajizuia, na kujizuia huko ndiko kugumu kuliko yote aliyofundishwa. Mtoto anatazama maji, anatazama kiatu, anakwenda kuchukua kitambaa. Kesho yake anamimina taratibu zaidi. Katika dakika hizo chache amepima, amekosea, amejisahihisha na amemaliza alichokianza, na hakuna aliyempigia kelele.

Ajali inatokea saa saba mchana, mtoto anapofika nyumbani soksi zinachuruzika. Mzazi anauliza shule inafundisha nini. Kwenye kikao anasimama na kusema hakulipa ada ili mwanawe akadeki sakafu. Mwenye shule, ambaye naye ana mkopo, anaelewa upepo unakovuma: jagi linapanda juu ya kabati, mahali pake panawekwa karatasi za kuunganisha nukta na kupaka rangi embe. Kuanzia hapo mtoto anarudi mkavu, ana vema kumi na mbili za wino mwekundu, na kila mtu ameridhika isipokuwa daktari wa Roma.

Tena faida ya utaratibu wa daktari huyo imepimwa. Angeline Lillard, mwanasaikolojia wa Marekani, pamoja na mwenzake, walichapisha mwaka 2006 matokeo kutoka jiji la Milwaukee, ambako watoto waliingia shule ya Montessori ya umma kwa bahati nasibu, hivyo hapakuwa na kisingizio kwamba wazazi wa upande mmoja ndio wajanja. Wakiwa na miaka 5, walioipata nafasi walikuwa mbele katika kusoma, hesabu, kujidhibiti na kuishi na wenzao. Lakini utafiti wa Lillard wa mwaka 2012 ndio ningependa ubandikwe kwenye mlango wa kila kikao cha wazazi. Safari hii alilinganisha shule zilizofuata utaratibu wenyewe na zile zilizoongeza vitu vingine juu yake, karatasi za mazoezi zikiwemo. Watoto wa kundi la kwanza walipiga hatua kubwa zaidi. Kwa maana hiyo, kile tunachokidai kikaoni kwa sauti kubwa ndicho kinachoipunguza nguvu dawa tuliyoilipia. Na tunadai vingine pia. Tunapenda bebi klasi, mido klasi na priyuniti, kila kundi na mlango wake, wakati Montessori aliwachanganya wa miaka 3 hadi 6 chumba kimoja ili mkubwa amwonyeshe mdogo. Tunapenda tangazo la darasa la watoto kumi, wakati nyumba ile ya San Lorenzo ilikuwa na watoto kama 50.

Atakayenijibu kwanza ni mwenye pochi: vifaa hivyo vinatoka Ulaya, sisi wa korosho tutaviweza wapi? Vingi tunaviweza. Mnara wa waridi, ule unaopigwa picha kwenye kila tangazo, ni miche mraba kumi ya mbao, mdogo kabisa una sentimita 1 kila upande na mkubwa una 10. Herufi za kupapasa kwa kidole ni karatasi ya msasa, inayouzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi Nachingwea mjini. Hatari pekee ni fundi seremala mwenye roho nzuri anayekadiria kwa jicho. Mnara ukitoka na miche mitatu inayolingana, mtoto ataihamisha asubuhi nzima akitafuta kosa lake, kumbe kosa ni la fundi, naye ameshalipwa.

Wa pili anauliza habari ya darasa la kwanza: wenzake wataingia wanasoma, huyu wangu ataingia anamimina? Swali hili hata Roma liliulizwa. Akina mama wa San Lorenzo ndio waliomwomba daktari awafundishe watoto kusoma, na zile herufi za msasa zilitokana na ombi hilo. Kidole kinapita juu ya herufi, mdomo unatoa sauti yake, na kwa Kiswahili, ambacho tunakiandika karibu kama tunavyokitamka, njia hiyo ina mteremko ambao Kiingereza hakina. Wilaya ya Ruangwa ina madini ya kinywe, malighafi ya penseli, na inawezekana ndiyo sababu tuna haraka ya kumshikisha mtoto wa miaka 3 penseli. Vidole vilivyozoea kufunga vifungo na kuchambua mchele vitaishika wenyewe muda ukifika, wala madini hayaozi.

Yupo pia anayesema haya ni mambo ya Wazungu, na Nachingwea ina haki ya kuwa na wasiwasi huo kuliko mahali pengi. Waingereza walikuja hapa mwishoni mwa miaka ya 1940 na Mpango wa Karanga, wakashusha matrekta, wakajenga reli hadi Mtwara, na mwaka 1951 mpango ukafa kwa sababu mipango ilitangulia kuandikwa, udongo na mvua vikaulizwa baadaye. Naukubali mfano huo, na ndiyo maana sitaki shule inayoagiza kila kitu hadi chungwa la plastiki. Tofauti ni kwamba yule daktari alianza kwa kutazama. Shule inayotazama itaweka ungo, fagio la chelewa, kata na mtungi, na bakuli la karanga za kumenya, ambazo hatimaye zitapata matumizi ya elimu. Korosho mbichi ziachwe, mafuta ya ganda lake yanaunguza ngozi.

Pingamizi lenye nguvu ni la bibi: hayo yote mjukuu anayafanya uani kwangu bure, na akimwaga maji anachota mengine. Bibi ana haki. Mwenye ua kama huo, anayemruhusu mtoto kushika vitu badala ya kumkalisha mbele ya katuni, anaweza kumpeleka darasa la awali la shule ya msingi ya serikali, lisilo na ada tangu mwaka 2016, na asijione amemdhulumu. Upungufu wake ni idadi, maana kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na anayelijua darasa la awali anajua kiwango hicho kinavyoheshimiwa. Wasio na ua wala bibi, na miji yetu inazidi kuwa nao, ndio wenye sababu ya kulipa.

Nao wasilipe wakiwa na noti za mnada mkononi. Msimu wa korosho kila shule inaonekana nafuu, na awamu ya kwanza ya Januari inalipwa kwa tabasamu. Awamu ya Aprili inafika wakati mkorosho unatoa kivuli tu na minada ya ufuta bado, hapo ndipo mtoto anarudishwa na barua. Hesabu ifanywe kwa Aprili. Na kukagua iwe Februari, siku ya kazi, saa nne asubuhi, bila kupiga simu. Ukisubiri siku ya mahafali, hata jagi utalikuta limevalishwa joho.