Tajiri wa Shangani na Funguo Zake

Tajiri mmoja wa hoteli pale Shangani, ambaye mlango wake umepigwa misumari ya shaba ya namna ya Bara Hindi, isemwayo kuwa kinga ya tembo, mnyama ambaye hajapata kubisha hodi Mji Mkongwe, aliazimia kununua programu ya kusimamia nani aingie katika kompyuta zake na nani asiingie. Wakaja mawakala kwa zamu, wakala halua yake, wakamwahidi idhini za kila daraja na alama ya kidole hata kwa mpishi. Naye akachagua iliyo ghali kuliko zote, kwa hoja kwamba kitu rahisi hakina heshima. Wala hakuuliza: mtumishi akiacha kazi, nani humfutia ruhusa, na lini? Basi karani aliyehamia Nungwi tangu Mfunguo Mosi angali akisoma bei za vyumba, na nywila ya msimamizi mkuu, ifunguayo kila kitu, imebandikwa chini ya meza ya mapokezi. Mkaguzi alipokuja, ripoti ilitoka safi: karani wa Nungwi ndiye mtumiaji mwadilifu kuliko wote, haingii ila kwa idhini.