Niliokoa Dakika 19

Nilitoka Malampaka saa mbili asubuhi nikiwa na pikipiki ya umeme ya shemeji yangu, daftari la michango ya harusi, na kiburi. Kikao cha kamati kilikuwa Bariadi, saa tano. Mimi ndiye mhazini, na mhazini akichelewa wajumbe huanza kupiga hesabu zisizo na adabu.

Shemeji alinipa wosia mmoja: "Usivuke 40." Kwa mwendo huo, alisema, unafika na chenji inabaki. Nikaitikia kwa heshima zote, nikakata kona ya kwanza, nikausahau.

Hadi Maswa mashimo yalinitia adabu. Nilipokamata lami nikafungua hadi 70. Pikipiki ya petroli ukiionea hupiga kelele, ukaingiwa na huruma. Hii ilikaa kimya kama mwenye duka anayeandika deni. Ikiwa imebaki asilimia 12 nikampita mwendesha baiskeli aliyebeba majogoo manne, nikampigia honi ya majivuno.

Kumbe deni lilikuwa la upepo. Ukizidisha mwendo mara mbili, upepo hukurudisha nyuma kwa nguvu mara nne. Kutoka 40 kwenda 70 ni mara tatu hivi, nami nilivaa koti la suti bila kufunga vifungo: tanga kamili la jahazi, huku Simiyu kusiko na bahari. Kilomita chache mbele chombo kikazima. Nikakikokota hadi kibanda cha kinyozi.

"Naomba kuchaji kidogo, kaka."

Kinyozi alikuwa katikati ya kichwa cha mzee mmoja. Akaridhia kwa shilingi elfu mbili. Dakika kumi baadaye mashine ikanyamaza, redio ikanyamaza, feni ikazunguka mara ya mwisho kama inayoaga. Uniti zimekwisha. Mzee akajitazama kwenye kioo: kulia mvi zote zipo, kushoto kweupe pe.

"Kijana," akauliza taratibu, "hicho chombo chako kinanyoa?"

Nikanunua umeme kwa simu. Tarakimu za LUKU ni 20, nikakosea mbili. Nilipokuwa nazirudia, jogoo akawika barabarani. Mwenye baiskeli akapita, akagonga kengele mara moja tu, kwa ustaarabu uliouma kuliko tusi.

Nikakaa kwenye benchi, nikafungua daftari la michango, nikapiga hesabu nyuma yake. Kilomita 30 kwa mwendo wa 40 ni dakika 45. Kwa 70 ni dakika 26. Nimeokoa dakika 19, na sasa nasubiri saa mbili. Ulaya mwenye gari la umeme anaweza kukimbia 120 na asijute sana, kwa kuwa chaja ya kilowati 150 humrudishia safari yake wakati anakunywa kahawa. Yangu haikufika hata kilowati moja. Pasi iliyonyoosha suti hii ingeishinda. Kumbe mwendo unaofaa barabarani haupangwi na mkono wa dereva. Unapangwa na soketi.

Nikamweleza mzee, ambaye sasa alikuwa amenyolewa pande zote na hasira zimepungua. Akafikiri.

"Hiyo treni ya umeme, reli yake inayojengwa kutoka Mwanza hadi Isaka na kupita kwenu Malampaka, si wanasema itakimbia 160? Itachajiwa wapi?"

"Haichajiwi, baba. Waya uko juu yake safari nzima."

"Basi wewe ulikuwa unamwiga nani?"

Sikuwa na jibu. Nikamshukuru, nikafunga vifungo vya koti, nikaenda 40 hadi Bariadi. Trekta lilinipita. Basi la wanafunzi lilinipita, na watoto wote wakapunga mikono.

Nikafika saa nane. Viti vilikuwa vimeshapangwa ukutani, na mhudumu akanikabidhi muhtasari wa kikao. Bila kuwepo, nilikuwa nimechaguliwa kwa kauli moja mwenyekiti wa kamati ndogo ya usafiri. Sababu iliandikwa kwenye mabano: ana chombo.