Viungo Visivyokolea

Katika Kiswahili, neno kiungo limebeba bizari na iliki, likabeba goti na kiwiko, na sasa limebebeshwa pia anwani inayompeleka msomaji kutoka tovuti moja hadi nyingine, ambayo Google, tangu ilipoanzishwa mwaka 1998, huihesabu kama aina ya kura kwa tovuti inayoelekezewa. Kura hiyo, hata hivyo, haihesabiwi mpaka programu tambazi, yaani ile inayopita katika kurasa za intaneti ikizisoma, iukute ukurasa wenye kiungo na uingizwe katika faharasa, ambayo ni orodha ya kurasa zinazotambuliwa.

Hapo ndipo wajanja walipopata mlango. Muuza maembe wa Kalamba, kaunti ya Makueni, kulikojengwa kiwanda cha kusindika rojo la maembe, akitaka tovuti yake ionekane Nairobi, huuziwa viungo elfu moja kutoka kurasa za kamari na dawa za kupunguza unene; kisha, tambazi inapozipuuza kurasa hizo, huuziwa huduma ya pili ya kuibembeleza ije izisome. Ni sawa na kumlipa shahidi, kisha kumlipia hakimu nauli aje amsikilize. Hakimu mwenyewe, yaani Google, tangu sasisho lake la mwaka 2012 lililoitwa Penguin, amejifunza kuwatambua mashahidi wa kukodi, hivyo anayeharakisha faharasa huenda anaharakisha hukumu (jambo ambalo risiti haielezi). Wakati huo maembe yanaiva, na dalali, asiye na tovuti wala faharasa, amekwisha kuegesha lori kando ya shamba, akiyachagua yasiyo na doa.