Herufi S na Wafuasi Wake

Hapana shaka lugha ya Kiingereza ina fadhila nyingi, wala mimi si katika wale wanaoibeza kwa sababu tu iliwatesa utotoni. Walakini kila niikumbukapo miaka niliyofanya ukarani katika ofisi moja ya wakala wa meli mjini Mombasa, zama za Mwingereza, huona kwamba misukosuko yetu mingi haikuletwa na meli kuchelewa wala shehena kupotea, bali na yale maneno mafupi mafupi, ya herufi mbili tatu, ambayo Waingereza huyapanga nyuma ya majina yao ya wingi, moja baada ya jingine, wakayatamka kwa haraka pasi na kufumbua mdomo sawasawa, kisha wakataraji msikilizaji ayapokee yote bila kudondosha hata moja.

Alasiri moja ya masika, wingu limekwisha tanda juu ya Kilindini na wageni wa mkutano wako njiani, bwana mkubwa wetu alitoa amri hii: "Bring the chairs in from out on the verandah." Aliyeamriwa ni tarishi wetu, mzee wa Vanga, mtu wa taadhima, ambaye Kiingereza chake kilimtosha kwa kazi yake, na ambaye kuuliza amri mara ya pili alikuona ni utovu wa adabu. Baada ya viti kutajwa, alisikia maneno manne yakija kwa mfuatano, la kwanza likimwambia ndani, la pili kutoka, la tatu nje, na la nne juu ya. Akayapima kwa insafu, akaona yanayotoa ni mawili ilhali linaloingiza ni moja peke yake. Basi akavitoa viti vyote vilivyokuwa ofisini, pamoja na kile cha kuzunguka cha bwana mkubwa mwenyewe, akavipanga barazani safu mbili nzuri, akavipangusa vumbi, na mvua ikashuka.

"Mzee wangu, umefanya nini?" karani mkuu alimwuliza, mikono kichwani.

"Mwanangu, nimefuata wengi wape," akajibu mzee. "Nje zimekuja mbili, ndani imekuja moja."

Mkutano ulifanyika watu wakiwa wima, nao ulikwisha mapema kuliko mikutano yote niliyopata kuiona pale, jambo ambalo hakuna aliyemshukuru mzee kwalo. Nami hata leo nashikilia kwamba hoja yake ilikuwa na uzito, maana mpango wenyewe wa Kiingereza una ajabu: lile neno la ndani ni kielezi, nacho hueleza viti vitakakoishia, kisha ndipo linapokuja lile la kutoka kueleza vilikoanzia, yaani mwisho wa safari hutajwa kabla ya mwanzo wake. Fauka ya hayo, katika vihusishi vyote vya Kiingereza hakuna kilicho karimu kuliko "from", ambacho hukubali kukaribisha kihusishi kingine nyumbani mwake pamoja na jamaa zake wote, hata wakaweza kusema kutoka chini ya vitanda, kutoka nyuma ya makabati, kutoka miongoni mwa magunia. Ilhali ndugu yake "to" ni bakhili, hufungua mlango kwa nadra sana. Sisi mzigo huo tumeutwika kitenzi. Tukisema ingiza, toa, pandisha, shusha, kazi imekwisha, na mahali tunapaongezea ile -ni ya mwishoni, barazani, ghalani, melini, ambayo haijali kama unakwenda, unatoka au umekaa. Laiti bwana mkubwa angelisema "viingize viti vya barazani", mzee wa Vanga angelimaliza kazi kabla ya tone la kwanza.

Mkasa mwingine ulitokana na kielezi kimoja tu, kilichosimama peke yake nyuma ya jina, kwa kuwa Waingereza wana ada ya kuweka maneno kama hayo pale ambapo sisi tungeliweka "wa" na maelezo kamili: vyumba vya juu, kurasa za nyuma, miaka ya tangu hapo, vyote hivyo kwao ni jina la wingi na neno moja likilifuata. Bwana mkubwa alimwandikia mwenye nyumba tuliyopanga kwamba "the people opposite" wanamwaga maji machafu njiani, naye alikusudia majirani wa ng'ambo ya pili ya barabara. Mkalimani akaitafsiri barua kwamba watu wapinzani wanamwaga maji machafu njiani. Mwenye nyumba, muungwana wa Mji wa Kale aliyekuwa akiogopa fitina kuliko kipindupindu, alitufikia Ijumaa baada ya sala, kanzu imenyooka, na mashahidi wawili nyuma yake, akataka msahafu uletwe aape kwamba hana upinzani na mtu yeyote Mombasa nzima. Maji yaliendelea kumwagwa.

Lakini vita hasa vilikuwa vya ubao. Magunia yalikuwa yakiteremshwa kwa kamba kutoka dari ya juu ya bohari, na siku moja moja lilikuwa likidondoka, hivyo ikaamriwa ubao uandikwe kuwahadharisha wapita njia. Mpita njia kwa Kiingereza ni "passer-by". Wakiwa wengi, herufi S ya wingi ikae wapi? Fundi wa mabango aliiweka mkiani kabisa, PASSER-BYS, akaja nao ubao umekauka, na hujja yake ilikuwa kwamba tangu aanze kusoma hajaona wingi wa Kiingereza ukikaa pengine ila mkiani. Karani mkuu, ambaye alikuwa akiitazama kwa husuda ile kamusi ya matumizi ya Kiingereza ya H. W. Fowler, iliyotoka mwaka 1926, kila aingiapo chumbani kwa bwana mkubwa, alimfafanulia kwa upole kwamba anayepita ndiye anayehesabika, kile kineno cha nyuma hakihesabiki, kwa hiyo S humshika mwenye jina: PASSERS-BY. Na kadhalika washindi wa pili ni "runners-up", na wale wanaomwandama tajiri kwa kutaraji makombo ni "hangers-on".

"Basi watu wazima mbona ni grown-ups?" fundi akauliza.

Karani mkuu alinyamaza. Jawabu lipo, nalo ni sahihi: pale hapana jina la kuishikilia S, kwani neno la kwanza limetokana na kitenzi wala si mtendaji, basi herufi ikikosa wa kumshika huteleza mpaka mwisho, kama ilivyo pia katika "breakdowns" na "lay-bys", lakini jawabu hilo halikumjia mpaka usiku, kitandani. Fundi naye, kwa hadhari ya mtu anayetoa zaka mara mbili asije akadaiwa, alirudi na ubao wenye PASSERS-BYS. Ikabidi kesi ipelekwe juu. Bwana mkubwa aliutazama ubao, akasogeza midomo kimyakimya akijaribu huku na huku, kisha akaagiza iandikwe "the public", neno lisilo na S popote, akafunga mlango.

Tusijione tumesalimika. Sisi wingi tumeuvika kichwani, wapita njia, na mkia hauguswi. Lakini mwanamke akiwa wengi ni wanawake, pande zote mbili zimebadilika, sawa na Waingereza wanavyofanya kwa watumishi wanaume, "menservants".

Tena kuna "mothers-in-law". Ile sheria inayotajwa mwishoni mwa neno hilo asili yake ni sheria ya kanisa, iliyoorodhesha jamaa ambao mtu haramu kuwaoa kwa sababu ya ndoa yake, yaani maharimu, jambo ambalo kwa mtu wa pwani halihitaji ufafanuzi. Katika ofisi yetu alikuwako karani wa bohari mwenye wake wawili, mmoja Mombasa na mmoja Lamu, na kwa kudura yake Mungu mama wakwe wote wawili wakamfikia juma moja. Akamwendea karani mkuu amwandikie barua ya kuomba ruhusa ya siku tatu, naye akaiandika bila dosari, S ikiwa pale inapostahili kuwa, juu ya mama. Bwana mkubwa aliisoma, akachukua kalamu nyekundu, akaifuta ile S, kwani katika umri wake wote hakupata kumwona mtu aliyekuwa na haja nayo. Karani mkuu, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, alimpinga mkubwa wake juu ya Kiingereza, akamweleza hali ya mambo ilivyo, na kwamba mabibi hao wamo katika nyumba moja yenye jiko moja. Bwana mkubwa alikaa kimya kitambo, akairudisha ile S kwa mkono wake mwenyewe, kisha pembeni mwa barua akaandika ruhusa ya siku sita.