Deni la Tamale

Mexico ukichelewesha kodi ya nyumba, mwenye nyumba anaweza kukuvumilia. Deni la tamale halina uvumilivu. Linazaliwa tarehe 6 Januari, Siku ya Mamajusi, ambapo majumbani na maofisini watu hukata mkate mtamu wa duara uliopambwa matunda ya sukari. Ndani ya mkate huo mwokaji amezika kitoto cha plastiki kisichozidi urefu wa kidole. Kila mtu hujikatia kipande kwa mkono wake, asije akamsingizia mwenzake. Atakayemkuta mtoto ndiye atakayewalisha wote tamale, unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda na kupikwa kwa mvuke, tarehe 2 Februari, sikukuu ya Kandelaria. Hakuna rufaa. Wapo wazoefu wanaomficha shavuni wakaendelea kutafuna huku wanatabasamu, na nimesimuliwa habari za waliomeza kabisa.

Mimi sheria hiyo sikuwa nimeambiwa. Nilikuwa mgeni Puebla, nimepanga chumba cha uani kwa mama mmoja mtu mzima, naye akanialika kunywa chokoleti ya moto pamoja na ukoo wake wote. Kisu changu kikagonga kitu kigumu. Nikamwinua yule mtoto juu, mbele ya kadamnasi, nikauliza kama ni bahati. Wakapiga makofi. Wakanikumbatia mmoja mmoja. Mjomba mmoja akaanza kuhesabu vichwa.

Sikutishika. Tamale ni mahindi, na mahindi nayajua. Nimezaliwa Tanga, nimekuzwa na sembe, na shuleni nikamaliziwa na dona. Unga, maji, moto, mwiko: kuna nini tena? Kiburi cha namna hii Wamexico hukipokea kwa upole mkubwa, maana wanajua tunachokisahau, kwamba mahindi yalianza kulimwa kwao yapata miaka 9,000 iliyopita, na sisi yametufikia juzijuzi tu, baada ya Wareno kuanza kupita pwani yetu. Na hayakuja peke yake. Kila nilipojisifu kwa chakula cha nyumbani, iwe pilipili, nyanya au parachichi, mama mwenye nyumba alikuwa ananisikiliza kama mtu anayeonyeshwa picha za wajukuu wake mwenyewe.

Sokoni mambo yalikuwa yaleyale. Nilimwona muuzaji amepanga mahindi yenye yale mavimbe meusi ya kuvu, ambayo kwetu bwana shamba akiyaona anaamuru yachomwe siku hiyohiyo. Nikamwonea huruma, nikataka hata kumnunulia mawili matatu ya kumtoa aibu. Nikauliza bei. Huruma ikaisha. Yale mavimbe ndiyo yaliyokuwa ghali, na mahindi mazima yalikuwa pembeni yanasubiri maskini.

Basi zikabaki siku chache kufika Kandelaria, nikatumwa chokaa. Nilidhani mama anataka kupaka ukuta. Kwetu Tanga chokaa ninayoijua mimi ina kazi mbili, nyumba na tambuu ya bibi, na hiyo ya pili tulikatazwa kuigusa. Kumbe mahindi ya tamale hayasagwi makavu. Yanachemshwa kwenye maji ya chokaa, yanalala humo usiku kucha, asubuhi yanasuguliwa na kuoshwa mpaka maganda yavuke, ndipo yanapelekwa mashine yakiwa yamelowa. Nikauliza kwa nini mtu ajitese hivyo. Jibu lilichukua jioni nzima, lakini kiini chake ni cha kweli: chokaa huifungua niasini, vitamini iliyofungwa ndani ya punje. Wazungu waliyachukua mahindi wakaiacha chokaa. Matokeo yake, maskini wa kaskazini mwa Italia walioshinda na ugali wao wa mahindi bila kitoweo cha maana waliugua pelagra, ngozi zikababuka na wengine akili zikawaruka, na balaa hilo likadumu zaidi ya karne moja.

“Na nyinyi chokaa hamtii?” akaniuliza mama.

Nikamwambia sisi tunakula na maharage na dagaa. Akanitazama usoni, akaitazama ngozi ya mikono yangu, kisha akaniongezea supu bila kusema neno.

Kwenye mashine nilijiona nimefika nyumbani. Mashine za mitaani Puebla hufunguliwa alfajiri, na wanaopanga foleni ni ndoo. Wenye ndoo wanasimama pembeni wakipiga soga. Msagaji anauliza swali moja tu: ya tortilla au ya tamale? Ya tortilla, chapati zao za mahindi, inasagwa laini kabisa, ya tamale inaachwa na chenga kidogo. Nikajibu, nikalipa, nikabeba ndoo yangu ya kijani begani kwa madaha. Nilipofika uani nikafunua kitambaa. Ndani mlikuwa na unga wa bluu.

Si bluu ya kusema labda ni mwanga. Ilikuwa bluu inayoelekea kijivu, na nilipoubonyeza kwa kidole, pale palipobonyea pakawa na rangi ya zambarau. Nikajua: chokaa imezidi. Nikanusa, hakuna kitu. Nikaonja kwa ncha ya ulimi, nikatema, nikakimbilia maziwa, kwa kuwa tulikuzwa tukiambiwa maziwa huvunja sumu. Nikaketi juu ya ngazi nikisubiri tumbo lianze. Badala ya tumbo, mlango ndio uliogongwa. Alikuwa bibi mmoja mfupi, shali begani, mkono mmoja kiunoni na mwingine umebeba ndoo ya kijani, ndani yake unga mweupe. Kumbe mahindi ya bluu ni mbegu ya asili, tena wapo wasiokubali kuyabadili na meupe hata kwa hongo. Mimi nilikuwa nimebeba tortilla za siku nzima za familia yake. Alichungulia ndoo yake, akaliona tundu la kidole changu, akaona na bilauri ya maziwa pembeni. Akaniuliza kama angalau ilikuwa tamu.

Likaja suala la mafuta. Tamale za Puebla hukandwa kwa shahamu ya nguruwe, na mimi ni Mwislamu. “Hata kidogo?” akauliza mama. Hata kidogo. Dada zake wawili, waliokuwa wamekuja kusaidia, wakaacha kazi wakanitazama kwa masikitiko ya kweli, yale ya kumfariji mfiwa. Mmoja akashauri siagi, mwingine akasema siagi ni kwa keki. Mimi nikaomba mafuta ya nazi. Nazi Mexico si kitu kigeni. Huko Colima, pwani ya Pasifiki, zililetwa na mabaharia kutoka Ufilipino enzi za Wahispania, na mpaka leo watu wa huko wanagema mnazi wakanywa tembo lake mitaani. Puebla ipo mbali na pwani, zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hapo ndipo bahati ilipolala. Asubuhi ya baridi ya mwanzo wa Februari mafuta ya nazi yalikuwa yameganda kopo zima, meupe, magumu, yakakubali kupigwa mwiko mpaka yakaumuka.

Kipimo chao hakina mizani. Unachota kidonge cha unga uliochanganywa mafuta, unakidondosha kwenye bilauri ya maji. Kikielea, umefaulu. Changu kilizama kwa haraka ya kitu kilichoitwa chini. Tukapiga tena. Kikazama, lakini safari hii kwa kusitasita, na mmoja wa wale dada akasema hiyo ni dalili njema. Tukapokezana mwiko mpaka mabega yakawaka moto. Mwishowe kidonge kikabaki katikati ya maji, hakipandi wala hakishuki, na mama mwenye nyumba akatangaza kwamba kinaelea. Nani angembishia? Tukajaza kuku na mchuzi wa pilipili mbichi, tukafunga kwenye maganda makavu ya mahindi, tukazisimamisha tamale kwenye sufuria kubwa ya mvuke. Chini kabisa ikawekwa sarafu. Maadamu inagonga-gonga, maji yapo, ikinyamaza, ongeza.

Saa ya kwanza ikapita, ikapita ya pili. Tukafungua moja: mbichi. Nikaona nafasi yangu ya kulipa heshima ya elimu. Nikawaeleza kwamba kwenye mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi takribani 93, si 100 kama Tanga, kwa hiyo mvuke wenyewe una joto dogo na lazima mapishi yachelewe. Wakanisikiliza mpaka mwisho. Kisha mama mwenye nyumba akageukia jikoni, akauliza kwa sauti: “Humu ndani nani amekasirika?”

Maana hiyo ndiyo sababu inayojulikana. Tamale haziivi penye hasira. Uchunguzi ukaanza, na haukwenda mbali: wale dada wawili, waliosimama bega kwa bega tangu asubuhi, walikuwa hawasemeshani kwa ajili ya blenda iliyoazimwa ikarudi haina kifuniko. Wakalazimishwa kushikana mikono juu ya sufuria. Vipande vya maganda vikafungwa kwenye masikio ya sufuria. Halafu wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa mwenye deni ndiye anayecheza. Kucheza nini? Chochote, mradi sufuria ifurahi. Nikawachezea mduara, wa harusi ya Pangani, kiuno chenye miaka mingi bila mazoezi, mama mwenye nyumba ananipigia makofi kwa midundo isiyohusiana kabisa.

Nusu saa baadaye zikaiva. Habari za nyuzi 93 sikuzirudia.

Wageni walifika zaidi ya hesabu ya mjomba. Shangazi mmoja alikula, akanyoosha mgongo, akasema kwamba tamale bila shahamu si tamale, ni kitu kingine, na kitu hicho hakijui jina lake. Alipoondoka nilimwona anafunga sita kwenye leso.

Usiku nikampigia mama yangu Tanga nikamwonyesha picha. Alitazama vizuri, akauliza kwa nini tumepika maganda na mahindi tumetupa. Nikamweleza mambo yote, pamoja na chokaa. Hapo hapo akapaza sauti kuwaita walio uani waje wamsikilize mtoto wao aliyepelekwa ulaya kula ukuta. Nikasikia simu inapokonywa. Alikuwa bibi, tambuu mdomoni, sauti inapita upande mmoja wa shavu.

“Chokaa ya mawe au ya matumbawe?”

Ya mawe, bibi.

“Haya. Usizidishe, itakuchubua ulimi.” Akatema, akarudi kwenye simu. “Na popoo wanazo huko?”