Waraka kwa Mzee wa Sarafu za Kale, Steji ya Lurambi

Kwako Mzee wetu mheshimiwa,

Nakuandikia kwa niaba ya vijana wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro ambao, kwa hisani yako, wameingiwa na hamu ya kukusanya sarafu kuukuu. Bila wewe wangekuwa bado na pesa zao za chakula.

Tunakushukuru hasa kwa somo la historia. Kijana mmoja ulimuuzia peni yenye tundu, ya mwaka 1936, kwa shilingi 4,000, ukamweleza kwamba Mfalme Edward wa Nane hakumaliza hata mwaka kwenye kiti, kwa hiyo sarafu zenye jina lake ni adimu. Habari za mfalme ni kweli tupu. Ila kwa wingi wa shughuli zako ulisahau kumwambia kwamba peni hizo zilipigwa kwa mamilioni, nyingine zikitiwa herufi H au KN za viwanda vya Uingereza. Ufupi wa utawala na uchache wa sarafu ni mambo mawili. Anayetaka kujua uadimu huuliza zilipigwa ngapi na ngapi zimebaki katika hali nzuri. Idadi ya zilizopigwa mara nyingi imo katika katalogi ya Krause, na hata kwenye tovuti ya Numista, ambayo mtu aweza kuifungua kwa simu akiwa amesimama mbele yako. Nadhani ndiyo maana husema mtandao hapo stejini ni mbaya.

Jicho lako nalo ni la ajabu: kila shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki yenye simba, wewe waiona ni ya fedha. Zilizopigwa kati ya 1921 na 1946 kweli zina fedha, lakini ni robo tu. Shilingi nzima ina gramu 7.8 hivi, kwa hiyo fedha yenyewe haifiki gramu mbili. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Fedha hamna hata chembe. Uzito wa hizi na zile unakaribiana mno, hivyo hapa hatuidai ile mizani uliyoahidi kuileta "wiki ijayo". Mwaka ulioandikwa kwenye sarafu unatosha. Mnunuzi na azidishe zile gramu kwa bei ya fedha ya siku hiyo, apate kujua kima cha chini cha bei ni kipi. Kinachozidi hapo kielezwe na uadimu au hali ya sarafu, wala si na ufasaha wako, ambao hatuna shaka nao.

Mizani tungeihitaji kwa ile riale ya Maria Theresa, kwa sababu iliyo halisi huwa na gramu 28 na kitu, na maandishi ya Kilatini ukingoni. Umeinadi kuwa ina umri wa zaidi ya karne mbili kwa kuwa imeandikwa 1780. Mzee wangu, huo ndio mwaka aliokufa malkia huyo, na viwanda viliendelea kuzipiga kwa tarehe hiyo hiyo hata katika karne ya 20. Pwani na Unguja walizitumia sana. Bado ni kitu kizuri kumiliki, kwa bei ya fedha yake na nyongeza kidogo.

Usafi wako pia tunausifu. Umezisugua sarafu kwa ndimu na majivu mpaka zinang'aa kama sufuria za harusini. Wakusanyaji wazoefu hulipa pungufu kwa sarafu iliyosuguliwa, maana alama zake nyembamba zimeliwa na rangi yake ya uzee haitarudi. Ile uliyosema ilichimbwa katika mgodi wa Rosterman pamoja na dhahabu ya miaka ya 1930 ilikuwa imesuguliwa hata udongo wa ushahidi hauonekani.

Tena ulituonyesha tangazo la mtu anayeuza sarafu ya shilingi 40, ile ya mwaka 2003 yenye sura ya Rais Kibaki, kwa maelfu. Hiyo ni bei anayoiomba. Hata mimi naweza kuomba. Tungependa kuona bei ambayo mtu alilipa.

La mwisho unalijua. Uliahidi, mbele ya watu, kwamba asiyeridhika utamnunulia sarafu yake kwa bei ile ile. Yule wa peni alipokuja, ukasema soko limelala, ukampa ahadi ya shilingi 200. Tangu siku hiyo vijana wanaulizia bei yako ya kununua kabla hawajauliza bei ya kuuza.

Basi tunakuomba, ukipata nafasi, uwe unatoa risiti inayotaja mwaka wa sarafu, madini yake na bei. Kalamu tutakuletea sisi.

Wako kwa utiifu,
Mteja wa Lurambi